Wiki Tatu kwa Barua Isiyosomwa

Jumatano, Nyegezi. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi, lakini mvua hainyeshi.

Kwa muda mrefu nimejiuliza: mtu mwenye sababu mbili, moja inayoonekana na nyingine isiyoonekana, akihurumiwa, amehurumiwa kwa ipi?

Leo nimempelekea mwalimu barua ya kuomba kuongezewa muda wa kukamilisha kazi za muhula. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa. Nisipowasilisha, nitarudia mwaka.

Bibi yangu, aliyenilea, tulimzika Ukerewe wiki iliyopita. Siku ya kuanua matanga tulinyolewa nywele sote, watoto na wajukuu. Nikarudi Mwanza na upara wangu.

Sijalia bado.

Hata hivyo, niliacha kuandika kazi hizo mwezi mzima kabla bibi hajaugua. Nilifungua kompyuta, nikaitazama, nikaifunga. Siku baada ya siku. Hali hiyo sina jina lake. Niliieleza katika aya ya pili ya barua, bila kuipamba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akainua macho, akakiona kichwa changu. Naye ni mtu wa Ukerewe, hakuhitaji maelezo. "Aa, pole sana, mwanangu. Nani tena?"

"Bibi."

"Bibi!" Akavua miwani. "Wiki tatu zitakutosha?"

Nikasema zitanitosha. Akasaini chini ya barua bila kuisoma, akaitia kwenye jalada.

Nilipaswa kusema, "Naomba usome aya ya pili." Sikusema.

Neema, ninayeishi naye chumba kimoja, alinishangaa nilipomsimulia. "Yaani umepakuliwa wali, wewe unamuuliza mpishi nia yake? Kula, dada! Au unataka urudie mwaka ndipo roho itulie?"

Nilitabasamu kwa adabu tu. Huenda yuko sahihi. Huenda pia mwili wangu ulianza kuomboleza mapema, kabla sijajua kwamba bibi anaondoka. Lakini maelezo hayo yananifaa mno, ndiyo maana siyaamini.

Muda nimeupata. Nisichokijua, na sidhani kama nitakijua, ni kama ile aya ya pili peke yake ingenipatia hata siku moja. Aliyepaswa kumwonyesha mwalimu aya hiyo ni mimi. Nami nilishukuru, nikatoka, nikaufunga mlango polepole.