Hatua Arobaini za Malka

Kulesa, Garsen,
Tana River.
Jumatatu, 8 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Jamal,

Assalaam aleykum. U hali gani huko Doha? Lile joto limepungua, au bado mnaokwa? Na mgongo je? Mara ya mwisho ulisema unakusumbua kwa ajili ya zile zamu ndefu za kusimama ghalani. Jisugue mafuta ya simsim, na usinijibu kwamba huko hayapatikani, maana Ikhlas nimemfungia chupa nzima akuletee. Unakula vizuri? Unalala? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamuuma lakini mdomo ni mzima kabisa, alhamdulillahi.

Ikhlas wa shangazi amepata kazi huko huko kwenu, na Jumatano asubuhi anapanda basi Garsen. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu badala ya kukutumia sauti. Maneno haya kwenye simu mtandao ungeyakata, wewe ungesikia nusu, ukapandwa na hasira kwa hiyo hiyo nusu. Soma mpaka mwisho kwanza. Nakujua.

Mpunga umeiva na ndege ni balaa mwaka huu. Naandika nikiwa juu ya dungu, daftari pajani, kamba ya makopo mkononi. Mwandiko ukipinda ujue kundi limetua nikavuta. Lakini nisikudanganye, hata bila ndege leo sikai sisimami. Nimeshuka na kupanda hili dungu mara nne tangu nianze kukuandikia, na mara mbili sikuwa na sababu yoyote.

Sababu yenyewe ni kesho. Kesho tunapima malka.

Unakumbuka ile kazi ya kuandikisha ardhi yetu kuwa ya jamii. Ulikuwa bado hujaondoka alipokuja yule tajiri na makaratasi yake, akidai ukingo wote huu umelala bure. Tangu siku ile tumekaa vikao mpaka makalio yameota sugu, sisi Wapokomo wa Kulesa na wenzetu Waorma wafugaji, bila kusukumwa na mtu. Tukakubaliana hivi: mashamba ya ukingoni yaandikwe kwa koo zetu, na malka zote, hizi njia za ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji, zibaki wazi kwa upana wake wa zamani. Upande mmoja ukivunja sharti hilo, mapatano yote yamekufa, na yule tajiri yuko palepale anasubiri. Katibu ni mimi. Hilo sharti la malka nililiandika mimi kwa mkono wangu, tena kwa herufi kubwa. Nilijiona mtu kweli.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawahi kukuambia. Shamba letu limeingia ndani ya malka.

Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama mwaka ule wa Elnino. Maji yalipopungua, baba alikuta nusu ya shamba lake limekatwa na mto, limekwenda. Waorma walikuwa wamehamisha mifugo mbali, malka imejaa tope na majani, haina mtu. Baba akatoka asubuhi na kamba yake ya kupimia, akanipa ncha nishike. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Akasogea hatua arobaini ndani ya malka, akachimba, akapanda migomba. Akaniambia ni kwa msimu mmoja tu, mpaka tupate chakula. Msimu ukawa miwili, migomba ikazaa, kisha baba akafa, Mungu amrehemu, na sote tukazoea. Ng'ombe wakapewa kichochoro.

Na ndiyo hapo hapo, Jamal. Ile sehemu iliyoinuka, isiyofikiwa na maji haraka, uliyoichagua kwa nyumba yako. Yale mawe uliyoleta kwa lori kabla ya kuondoka yako ndani ya malka. Nilikuona ukiyapanga huku unacheka, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na silipaki rangi.

Jana nilimwambia mama kwamba huenda nikasema. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema tu, "Baba yenu alikufa na jina safi. Wewe ndiye utakayelichafua?" Akaendelea kuchambua mchele.

Sijui nitafanya nini kesho. Nikinyamaza, mimi ni katibu mwongo, na siku yoyote mtu mmoja akinyoosha kidole, kazi ya watu wote inaanguka kwa sababu ya migomba yetu. Nikisema, nakunyang'anya nyumba wewe ambaye unachomwa na jua la watu kwa ajili yake. Naiacha barua hapa. Ndege wametua tena.

Jumanne, alasiri.

Tumerudi. Mwandiko umepinda, na safari hii usiwasingizie ndege.

Tulianzia juu mbugani, watu kama kumi wa pande zote mbili, pamoja na Pekeshe, mwenyekiti wetu. Aliyetuongoza ni mzee Guracha, unamjua, yule rafiki wa baba aliyekuwa akituletea maziwa na kurudi na ndizi. Mimi nyuma yake na kile kimashine cha kupimia. Njia nzima alikuwa akivilaumu viatu vyake vipya, mara vinabana, mara mkwewe ndiye aliyevichagua, huku anatuonyesha kila mahali malka inapopita, kulia mpaka hapa, kushoto mpaka pale. Kote huko ni pana, hatua hamsini na zaidi.

Tulipofika kwenye migomba yetu akapunguza mwendo. Akasimama kidogo. Kisha akapinda, akaizunguka migomba, akashika kile kichochoro kana kwamba ndivyo malka ilivyokuwa tangu zamani. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyeuliza kitu.

Ningemfuata nami, saa hizi tungekuwa na shamba letu lote, na karatasi yake. Nakuapia miguu ilitaka. Nilimkimbilia, nikamshika shuka, nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini anapinda na njia anaijua.

Alinijibu bila kunitazama. "Siku ile nilikuwa ng'ambo ya mto na ng'ombe. Nilikuona umeshika kamba. Mto ulikuwa umemmaliza baba yako. Nikasema, mwache ale."

Miaka ishirini na minane, Jamal! Miaka yote hiyo anakuja kwetu, anakunywa chai ya mama, hata siku moja hajadokeza. Mwaka juzi ndama wake wawili walikanyagwa wakafa kwenye kile kichochoro, tukamwendea kumpa pole, akatushukuru. Nikikumbuka hilo natamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo niliposhindwa. Angekuja juu, angenitukana, ningeshindana naye mpaka jua lizame, wewe unanijua. Lakini ule wema wake ulinikata maini. Nikawaita wote warudi. Nikasema mbele ya Pekeshe na mbele ya watu wote, "Malka haipindi hapa. Inapita katikati ya migomba yetu. Kamba niliishika mimi." Nikaingia migombani, nikahesabu hatua arobaini, nikasimama juu ya rundo la mawe yako, nikabonyeza kile kimashine.

Watu wetu hawakunipigia makofi. Mmoja alifyonza, mwingine akasema kwamba sasa kila shamba litaulizwa. Na ni kweli, litaulizwa. Pekeshe mwenyewe alianza kuangalia chini, na shamba lake nalo linapakana na malka. Guracha alinijia tulipoagana. Alitaka vijana wake waje Ijumaa kuyahamisha mawe yako mpaka kando ya nyumba ya mama. Nikamwambia yasiguswe mpaka wewe ujibu.

Migomba nimeomba tuiache mpaka mikungu iliyopo ikomae. Wamekubali. Hilo lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia.

Mama habari imemfikia kabla mimi sijafika. Hajanisemesha. Lakini chakula changu amenifunikia sahani, na ametoa kamba ya baba kutoka darini akaitundika mlangoni. Sijui ana maana gani, na naogopa kuuliza.

Shangazi anakusalimu sana. Jirani yetu Hibaq na watoto wake wanakusalimu, yule mdogo sasa anatembea na anavunja kila kitu. Mzee Guracha anakusalimu pia, aliniambia mara mbili nisisahau. Mama anakusalimu, ila salamu hizo amempa Ikhlas, si mimi. Mpokee Ikhlas vizuri, ni mgeni huko, usimwache apotee.

Jambo la mwisho. Ramani itabandikwa Garsen siku sitini, na yeyote anayeona ameonewa anaruhusiwa kuleta pingamizi. Wewe ni mrithi sawa na mimi, na hukuulizwa. Fomu nimeiweka humu ndani ya bahasha. Ukiijaza irudishe kwa jina la katibu, nitaipokea, nitaipiga muhuri, na nitaisoma kwa sauti mbele ya kikao bila kuruka neno. Na usipoijaza, niandikie tu mawe niyahamishie wapi. Leo ng'ombe walishuka kunywa, wakafika pale, wakayazunguka.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya, na akurudishe kwetu hata kama utarudi umenikasirikia.

Dada yako akupendaye, na aliyekukosea,

Mashavu