Chapa Kwenye Bapa

Jumatatu, 3 Machi
Nimekibana kisu kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha marehemu mwanangu mhunzi. Ndicho cha mwisho alichokifua, hakuwahi kukisugua. Mjane wake anahama Jumamosi kurudi kwao, nami nimeahidi kumkabidhi kikiwa kinang'aa. Kwenye bapa lake, karibu na mpini, ipo chapa ya mwanangu. Aliigonga kwa mkono, haina kina. Nikisugua mno, inakwenda!

Nimeanza na msasa wa namba 220, wenye chembe kubwa, kwa mafuta ya mashine. Kosa. Mafuta mazito, karatasi inateleza tu — jasho bure.

Jumanne, 4 Machi
Fundi aliyefanya kazi na mwanangu amepita, amecheka, akasema: Mwalimu, mafuta hayo ni ya kumalizia! Weka maji na sabuni kidogo, yasombe unga wa chuma. Na ubadilishe karatasi kabla haijachoka, acha ubahili. Nimemjibu kwamba mimi si bahili, ni mtaratibu. Naye: haya, mtaratibu, vuta upande mmoja basi, usizungushe kama unafuta ubao.

Kweli, sasa msasa unauma. Nimefika 400, ulio laini zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Namba 600. Nimemfokea mkamwana, huyo mjane wa mwanangu. Alifagia karibu yangu, na chembe moja ya mchanga ikinasa chini ya karatasi huchora bapa zima.  Aliweka ufagio, akatoka. Tangu msiba hatuzungumzi mengi, na mengi ninayomwambia ni makosa yake.

Alhamisi, 6 Machi
Kutu!

Nimekikuta kisu kimeviringishiwa kitambaa chenye maji. Nimemwita mkamwana. Baba, nilikifunika, vumbi lisikiguse. Nikalilowesha lile tambara ili vumbi linase. Alisema kwa furaha kidogo — alitaka kunisaidia. Chuma hiki hushika kutu upesi. Vishimo kila mahali, vingine ndani ya chapa.  Nikasema: asante, mwanangu, endelea na mizigo.

Fundi ameliinamia bapa muda mrefu. Hakutania aliposema: Ukirudi 220, vishimo vitatoka, na chapa itatoka navyo. Ukipaka mafuta na kuacha, kutu iliyokwisha kuingia itaila chapa polepole. Chagua mwenyewe, mzee.

Ijumaa, 7 Machi
Nimezungushia kijiti kipande cha 220, nikakilowesha kwa mafuta ya taa. Maji siyataki tena. Kabla sijavuta, mkamwana akaingia. Akaviona vishimo. Baba, ni kile kitambaa changu? Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikasema ndiyo.

Hakulia. Alikuja akaweka kidole juu ya chapa. Baba, sugua kwingine kote. Hapa nashika mimi.

Kutu ya vishimo vilivyo chini ya kidole itabaki na kuendelea kuila chapa. Anajua, nimemweleza. Hajaondoa kidole.

Nimemwambia nakwenda chumbani kuchukua miwani. Miwani ninayo usoni; sijaweza kuvuta msasa mbele yake. Naandika, na mkono unanuka mafuta ya taa. Ananiita — Baba, umeipata?