Upindo wa Gauni

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, magoti ya mama yako yametulia. Kile kitochi cha leza ulichonitumia kimefika. Mama wee! Mteja anasimama mbele ya kioo, mimi nimekaa kitini namwonyesha kwa nukta ya kijani: hapa tunapunguza, hapa tunaachia. Siinami tena.

Gauni lako la harusi naanza kulikata kesho. Mtu mwingine haligusi.

Baba yako

12 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Umesema mbele ya kioo? Kizime, tafadhali! Mwanga ule ukigonga kioo unarudi machoni, na hauumi, ndiyo ubaya wake. Jana bosi wangu aliviondoa vitochi vyote dukani kwetu, vina nguvu kuliko tulivyoambiwa. Chako kilikuwa na karatasi ya onyo. Niliibandua mimi, zawadi ipendeze. Naona aibu hata kuandika.

Macho yako vipi?

Mwanao

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Nitukane basi, lakini nijibu.

Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, anakusalimu. Nilinyamaza kwa aibu, si kwa hasira. Barua yako ilinikuta nimeshachelewa. Kila jicho lina doa katikati. Nikimtazama mama yako, pua haipo. Daktari anasema nyuma ya jicho pameungua, miwani haisaidii.

Karatasi ile usijilaumu, lini mimi nimesoma maelekezo? Nilikuwa nachungulia tunduni mwa kitochi kuona kama betri imeisha. Mzee mzima! Wateja nimewadanganya kwamba macho yananiwasha tu.

Gauni nimempa yule fundi wa mtaa wa pili, niliyekuwa namcheka kwamba anashona magunia. Kalishona vizuri, na inaniuma. Mimi nimeshona upindo wa chini tu, kwa kupapasa. Umepinda. Mpe fundi wa huko aunyooshe kabla watu hawajauona.

Baba yako

5 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini mnaendelea vizuri. Gauni limefika, nimelijaribu, nimelia. Rafiki yangu alishika mkasi aufumue upindo, nikamnyang'anya. Hauguswi. Njooni mapema, utaniingiza ukumbini. Ngazi nitakuonyesha mimi.

Watakaouliza nani kashona upindo, nitawaambia ni baba. Watakaouliza kwa nini umepinda, nitawaambia ni mimi.

Mwanao