Nasaha za Mvuke kwa Wanaoanza

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema mapafu yangu yamekuwa kama nguo iliyofuliwa mno. Sijui kama hiyo ni lugha ya kitabibu, lakini nimeielewa. Muda hakuutaja. Alimtazama binti yangu badala ya kunitazama mimi — hiyo ndiyo namna yao ya kuutaja.

Tukarudi. Binti akaenda kazini kwake, kwenye tanuri za mikate. Mjukuu akaachwa anichunge. Na hapa ndipo pa kuungama, maadamu hakuna wa kunisoma: leo nimevuta vepu, ile sigara ya umeme.

Sigara niliivuta tangu usichana, katika chumba cha wahariri wa vitabu vya shule, ambako moshi ulikuwa mzito kuliko sarufi. Siku mashine ya oksijeni ilipoletwa chumbani, mrija uliingia puani na sigara ikatoka mdomoni. Hamu haikutoka.

Mjukuu anavuta. Ana miaka ishirini, yuko chuoni, sigara hajawahi kuigusa. Nilimfuma mwenyewe dirishani, wingu jeupe linamtoka, linanukia vanila. Amechagua vanila kwa akili: mama yake hurudi kutoka tanurini akinukia vanila hadi kwenye nywele, kwa hiyo hawezi kujua harufu ipi ni yake na ipi ya binti yake. Nilipaswa kumkemea. Nikamwomba. "Mke mwenza," nikamwambia, kama ninavyomtania tangu alipokuwa anatambaa, "choyo cha nini? Nionjeshe." Siku ile alicheka, akakataa. Leo, baada ya daktari, hakukataa.

Kazima mashine, kanivua mrija, kanisogeza dirishani. Nikavuta kama nilivyozoea, kwa kifua kizima. Nikameza tone la moto lenye ladha ya keki. Nilikohoa hadi machozi.

"Bibi, unavuta kama mtu anayegombea maji bombani," akasema. "Polepole. Kama unanusa chai usiyoiamini. Halafu iache."

Somo la kwanza, kwa mwanafunzi wa miaka themanini kasoro. Mara ya pili nilifaulu. Nilikaa dirishani nikihisi mwili wangu unanisalimu, kama jamaa aliyekuwa safarini.

Jumatano, 5 Machi

Mjukuu hufanya kazi za muda katika duka la vepu karibu na chuo; mama yake ameambiwa ni duka la simu. Mwenye duka, wanamwita Bwana Wingu, amemwagiza aandike nasaha fupi kwa wanaoanza: zibandikwe ukutani na zitumwe kwenye simu za wateja. Ameniletea nizinyooshe.

"Wewe si ndiye uliyemfundisha kila mtu koma inakaa wapi?"

"Na wewe ndiye pekee hukunisikiliza."

Kiswahili chake, Mungu amsaidie. Aya nzima bila nukta, msomaji angeishiwa pumzi kabla ya mvuke. Nimeziandika upya zote. Ukibadilisha koili, ule waya mdogo unaopashwa moto, idondoshee maji ya vepu kwanza na usubiri pamba yake ilowe. Ukiharakisha utavuta ladha ya kitambaa kilichoungua. Anza na nikotini kidogo. Kichwa kikizunguka au moyo ukichafuka, weka chini. Kunywa maji, maana mdomo hukauka. Usichaji chini ya mto. Chupa ya maji yake isiwe karibu na mtoto — kwake ni sumu.

Hayo yote aliyajua yeye. Mimi nimeyavisha nguo tu.

Mwishoni alikuwa ameandika: haina madhara kwa sababu ni mvuke tu. Sentensi butu, imelala chali. Nikaifuta. Nikaweka: *Mvuke mwepesi, kifua chepesi.* Imesimama. Ina mizani. Nimeisoma kwa sauti, nikaisoma tena, nikafurahi kama zamani kitabu kilipotoka mtamboni na wino wake bado haujakauka.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Wingu ameipenda karatasi. Ameikuza, ameitia rangi. Anauliza mjukuu kaisomea wapi lugha ile.

Nimezawadiwa mivuto dirishani. Jirani alipita chini, akaniamkia, nikaitikia na wingu likatoka pamoja na marahaba. Tumecheka hadi mjukuu akalazimika kunirudishia mrija.

Mgonjwa wa kufa hapaswi kufurahi hivi. Au ndiye hasa anayepaswa.

Jumanne, 11 Machi

Amekuja kutoka chuoni na habari kama zawadi. Mwenzake wa darasani, wamempa jina Kifaranga kwa udogo wake, ameanza vepu. Hajawahi kuvuta chochote. Aliingia dukani kumsubiri rafiki yake tu, hakuwa na kiu ya kitu. Akasoma ukutani.

"Ni ile sentensi yako, Bibi. Anaiimba kabisa. Kifua chepesi."

Nilicheka. Akaenda kuchemsha maji, na kicheko kikabaki mdomoni kama punje isiyotafunika.

Nimekaa mchana wote nikifikiri. Kazi yangu ilikuwa hivi daima: sentensi ikisimama wima, niliipitisha. Kilichomo ndani kilikuwa cha mwandishi. Ndivyo tulivyojifariji sote katika chumba kile cha moshi. Sasa angalia. Mimi, ninayepumua kwa umeme, nimeandika *kifua chepesi*, na kitoto cha watu kimeniamini kwa sababu ya vina.

Sitaki kudanganya upande wa pili pia. Kwa aliyezama kwenye sigara, vepu huenda ikawa kamba ya kumtoa majini. Nimewasikia wenye ujuzi wakisema hivyo, na sina mapafu ya kubishana nao. Lakini Kifaranga alikuwa nchi kavu. Aliyeko nchi kavu unamfunga kamba ya nini?

Na mke mwenza wangu alikuwa nchi kavu.

Jumatano, 12 Machi

Mjukuu alisahau kifaa chake dukani jana. Amegundua asubuhi.

Kufikia kifungua kinywa alikuwa ameshamjibu mama yake vibaya, kwa sababu ya kijiko. Kijiko tu. Binti akaniangalia, kana kwamba mimi ndiye mwenye tafsiri. Ninayo. Namjua mtu yule: anayefungua droo ileile mara nyingi, anayesahau jina la kitu alichokishika, anayechukia mlango kwa kuwa umefungwa. Nilikuwa yeye kila mwisho wa mwezi pakiti zilipoadimika.

Mama yake alipoondoka nikamwuliza: unaweza kukaa bila kitu hiki?

"Naacha nikitaka, Bibi."

"Basi taka."

"Sasa hivi nina mitihani."

Kisingizio hicho nakijua. Mimi nilikuwa na vitabu vya darasa la nne, halafu vya darasa la tano.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Nesi anayenitembelea nyumbani amekuja kunipima. Nilikuwa nimetoka kuvuta, kwa kifaa cha mjukuu alichokifuata dukani. Nikajivika mrija upesi, kifaa nikakisahau juu ya blanketi. Amekiokota. Nesi wetu ana sauti ndogo, na leo ilikuwa ndogo zaidi.

"Bibi, hiki cha nani?"

Mjukuu alisimama mlangoni na beseni la maji. Nikasema ni changu.

Nesi akaketi kitandani. Akanieleza kwamba oksijeni haikai ndani ya mrija tu. Inaingia kwenye blanketi, kwenye shuka, kwenye nywele, na inabaki humo hata mashine ikizimwa. Na ndani ya kifaa hiki mna waya unaowaka. Kuzima mashine na kusogea dirishani si kitu. "Ni kama mtu aliyejimwagia petroli," akasema, "akasema yuko salama kwa sababu ameshafunga dumu."

Hatukujua. Mwalimu hakujua, mwanafunzi hakujua. Tulijiona werevu na dirisha letu.

Akaniambia ni lazima binti aambiwe. Ikirudiwa mashine itachukuliwa. Si adhabu, ni nyumba isiungue na waliomo.

Binti amerudi jioni akiwa na unga kwenye nyusi. Hakupaza sauti. "Mama. Umri huu?" Kisha: "Nani alikuletea?"

Nikasema nilimtuma mpita njia, kupitia dirishani. Uongo wa mtoto wa chekechea. Ameuamini kwa kuwa amechoka. Akakitupa kifaa, akamgeukia mwanawe. "Wewe ndiye ninayekuamini humu ndani. Mchunge bibi yako, asiguse tena."

"Ndiyo, Mama," akajibu. Alikuwa anayatazama maji ya beseni.

Jumapili, 16 Machi

Mjukuu anacho kingine. Sikukiona. Nimekisikia bafuni, mlio mdogo wa kuvuta, bomba likiwa limefunguliwa kuuficha.

Nimeandika nasaha upya. Imenichukua asubuhi nzima, pumzi kwa pumzi. Ya koili na chaja nimeyaacha, yana faida. Sentensi yangu nimeing'oa. Mahali pake nimeweka yasiyo na mizani yoyote: Kama huvuti sigara, usianze hii. Kama unavuta na unataka kuiacha, muulize mhudumu wa afya, na siku utakayoianza hii panga pia namna ya kuimaliza. Si mvuke wa birika; una nikotini, nayo hukushika kabla hujajua umeshikwa. Ukiwa na mgonjwa wa oksijeni nyumbani, usiiwashe karibu naye kabisa. Ukiona unaivuta kabla ya kunawa uso, umeshakuwa mteja wetu wa kudumu.

Mjukuu ameisoma akiwa amesimama.

"Bwana Wingu hataibandika. Hii inafukuza wateja, Bibi."

"Ndiyo nasaha hiyo. Ile nyingine ilikuwa tangazo."

"Na wewe je? Si ulikuwa unaomba mwenyewe? 'Mke mwenza, nionjeshe'?"

Kweli tupu. Kila neno lake lina mguu wa kusimamia. Nilinunua siri yake kwa mvuto, na kila nilipovuta nilimwambia bila kusema kwamba ni salama: kama bibi anavuta, na mapafu yale, nani wa kuogopa?

Nikamwambia nitamwambia mama yake.

Akaikunja karatasi. Halafu akasema kwa upole, na upole ule umenichoma kuliko matusi: "Bibi na mjukuu hawachongeani."

Hiyo ndiyo sheria yetu, na ni mimi niliyemfundisha. Vikombe vilivyovunjika, alama mbaya, mvulana wa kwanza — vyote viliingia kwangu na havikutoka. Mama ni wa kuadhibu; bibi ni wa kuficha. Nimeijenga sheria hii miaka ishirini. Ndiyo kitu pekee nilichonacho cha kumwachia.

Jumatatu, 17 Machi

Pumzi mbaya. Sitaandika sana.

Mjukuu ameniletea uji, ameupoza kwa kuupuliza. Mkono wake una baridi.

Nikifa bila kusema, atanililia kama bibi bora kuliko wote. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 18 Machi

Tanuri zimezimwa leo kusafishwa. Binti yuko nyumbani. Nilijua kwamba nikingoja nafuu ndipo niseme, haitakuja.

Nimewaita wote wawili. Binti amekuja akijifuta mikono, mjukuu kasimama nyuma ya kiti na hakukikalia. Nikasema yote, kwa sentensi fupi, kwa kuwa ndefu sina pumzi nazo. Kwamba mpita njia hakuwepo. Kwamba mjukuu anavuta, nami nilijua, nikavuta naye. Kwamba duka lake ni la vepu, na maneno ya ukutani humo ni yangu.

Binti alianza kwa kutabasamu. Alidhani naomba vepu kwa njia ya kuzunguka. Halafu tabasamu likaisha, kama taa za nyumba zinavyozimwa chumba baada ya chumba.

"Nilikupa mwanangu umlee," akasema. "Sikukupa mwenzako."

Sentensi hiyo imesimama wima.

Hakumtazama mwanawe hata kidogo. Amekwenda chumbani kwake. Nasikia droo zinafunguliwa na kufungwa, vitu vinaanguka sakafuni.

Nilidhani mjukuu ataondoka na kubamiza mlango. Hajaondoka. Ameketi ukingoni mwa kitanda changu, kanipa mgongo. Yuko hapo ninapoandika. Kifaa kipya kimo kiganjani mwake, hakijawashwa, anakizungusha.

"Umenichongea," amesema.

"Nimekuchongea."

Droo nyingine. Kisha bila kugeuka: "Siku ya kwanza ya kuacha inakuwaje?"

Maisha yangu yote watu wameniuliza nini ni sahihi, na nimewajibu kabla hawajamaliza. Leo nimesema sijui. Mimi sikuacha, mke mwenza. Nilikatazwa na mashine. Hamu iko palepale ilipokuwa, inanisubiri kila asubuhi.

"Tuanze wote basi," nimemwambia. "Kesho."

"Kwa nini si leo?"

Amegeuka. Macho yake ni ya mama yake. Ameninyooshea kifaa, na nami nimenyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia unaandika. Vidole vimekigusa. Kina joto la kiganja chake. Sijui bado mkono huu umekwenda kukipokea ili kitupwe, au nikivute mara ya mwisho — na hatua za binti zinarudi koridoni.