Sauti Langoni kwa Mzee Kihara

Nyeri Mjini,
7 Septemba 1980

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima, namshukuru Mungu. Barua yako ilinifikia Jumatano, nikaisoma nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta. Nimefurahi kusikia kwamba goti la Mama limepata nafuu na kwamba ng'ombe amezaa ndama jike. Mwambie Kingori amwache huyo ndama anyonye kwa amani. Mjomba Moffat anakusalimu pia. Anasema shemeji yake anajua kuandika barua nzuri lakini njia ya mjini haijui.

Uliniuliza habari za duka. Wakati kahawa ilipokuwa na bei, kila kijana aliyemsaidia baba yake kuchuma alitaka gitaa, na kila baa kutoka Karatina hadi Othaya ilikuwa na bendi. Mjomba akaagiza amplifaya kana kwamba bei haitashuka kamwe. Kisha ikaanguka. Bendi zikavunjika, na vijana waliokuwa wakija kununua wakaanza kuja kutuuzia zao. Nilipoanza kazi hapa baada ya mtihani, kazi yangu kubwa ilikuwa kuzipangusa vumbi. Zilijaa mpaka mlangoni, nyeusi, nzito, na watu waliingia kununua nyuzi za gitaa tu, au kujikinga mvua.

Mjomba hakunificha. Aliniambia kwamba Agosti ikiisha hali ikiwa hivyo, ataziuza zote kwa hasara, aweke chakula cha kuku na dawa za ng'ombe, na mimi nirudi Gakindu, kwa sababu mke wake anatosha kupima chakula cha kuku. Seremala alikuwa ameshakuja kupima ukuta. Baba, sikutaka kurudi. Nyumbani napapenda, lakini hapa mtu akiniuliza habari za amplifaya nilikuwa nikimjibu bila kutazama chini. Mahali pengine popote sijawahi kufanya hivyo.

Ndipo akaja Mama Ngatia wa Othaya kununua betri za redio. Alilalamika kwamba Jumamosi wangepeleka mahari ya kijana wake kwa mzee Kihara, na wanawake wa Gakindu wanajulikana: wakikufungia lango hawalifungui mpaka uwashinde kwa nyimbo. Alisema mwaka jana watu wa Tetu walisimama nje mpaka mbuzi wao wakalala. Nikamwambia, kwa sauti ndogo hata akaniomba nirudie, kwamba tunayo amplifaya inayotumia betri ya gari. Mjomba aliniangalia kana kwamba nimetukana. Kwake amplifaya ilikuwa kitu cha baa, si cha mahari ya Wakristo. Mama Ngatia aliuliza tu kama ingesikika mpaka jikoni. Mwishowe Mjomba akamwazima, kwa sharti kwamba mtu wa duka aisindikize.

Siku hiyo wewe ulikuwa ndani na wazee, kwa hiyo ya nje acha nikusimulie mimi.

Yalianza vibaya. Majirani zetu waliimba kutoka ndani kwamba lango lina kutu, na kwamba watu wa Othaya wamezoea kuinamia majani chai hata sauti zao zimebaki huko chini. Ngendo, kiongozi wa wageni, akaichukua maikrofoni akaifokea. Spika ikalia kama nguruwe anayechinjwa, mbuzi wawili wakakata kamba, na Ngendo aliposikia sauti yake mwenyewe ikimrudia alishtuka, akamtupia maikrofoni aliyekuwa karibu. Ndani walicheka sana. Mmoja aliuliza tangu lini mahari ikalipwa kwa nguruwe. Mama Ngatia alikuwa karibu kulia.

Aliyeidaka ni msichana mmoja aliyekuwa amejibanza nyuma ya pikapu, kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Yeye hakufoka. Aliishika maikrofoni mbali kidogo na mdomo, akaimba taratibu kama anayembembeleza mtoto: kwamba Othaya imetembea, viatu vimejaa vumbi; kwamba lango lenye kutu hulainishwa kwa mafuta, na wao wamebeba mafuta, na asali, na kijana asiyejua kumpiga mtu. Wanawake wa Othaya wakaitikia. Wa ndani wakajibu kwa nguvu, wakajibu tena, wakaanza kukauka koo, na yule msichana alikuwa bado hajapandisha sauti. Lango lilifunguliwa kabla chai haijachemka.

Jumatatu wanawake wa Gakindu walitukuta bado tunafungua duka. Walisema hawakuja kutafuta muziki, wamekuja kuondoa aibu. Walichanga wakanunua amplifaya kubwa kuliko ile. Mama Ngatia aliposikia, akasema Othaya haiwezi kuazima kitu ambacho Gakindu inacho chake, akaja na kikundi chao. Wakafuata wa Tetu, wa Karatina, hata kwaya ambayo mchungaji wake alikuwa akiyakemea magitaa. Mjomba amemwambia seremala achukue mbao zake. Zimebaki amplifaya mbili tu, na moja amekataa kuiuza. Siku hizi anawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake.

Sasa nijibu barua yako. Umeandika kwamba ulipoisikia ile sauti ulimwambia mzee Kihara amfungulie yule mtoto, na kwamba ulitoka kumsalimu usimwone. Umeandika pia kwamba sisi Mungu alitunyima sauti, kwamba binti yako huwaitikia wageni kwa kichwa, na ungefurahi kama yule angenifundisha walau kuitika hodi.

Hakuna wa kunifundisha, Baba. Ni mimi. Nilipokuona ukija na kofia yako ya Jumapili nilijifunika turubai ndani ya pikapu. Sikuogopa kugombezwa. Niliogopa tu kwamba ungenitazama.

Nisamehe kwa kuwaimbia Othaya dhidi ya majirani zetu. Wao walinitambua ile Jumatatu nilipowajaribishia maikrofoni, wakapiga kelele mpaka watu wa duka la nguo wakatoka nje, kisha wakakubali kukunyamazia mpaka nikuandikie mwenyewe. Novemba watakwenda Othaya kujibu ziara, na wanataka niwaongoze. Nimekubali. Safari hiyo wewe pia utakuwa mgeni, utasimama nje ya lango pamoja nasi. Tafadhali simama mbele, mahali nitakapokuona.

Nisalimie Mama, Kingori na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Wachuka