Usimsomee Halbadiri Yule Kijana

Al Hail, Sib,
Maskati, Oman.
18 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Zuweina,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi na nyumba yangu nzima tunakusalimu, na nnataraji salamu zitakukuta hapo Wete umeamka na nguvu zako, goti limeacha kukusumbua na watoto wanakusikiliza. Na shemegi yangu je, kile kikohozi kimempungua? Mwambie namuombea, ingawa yeye tangu Idi hajanipigia simu.

Sisi alhamdulillah wazima. Joto la mwaka huu halisemeki, maji ya bombani yanatoka kama ya chai, na nusu ya mtaa wamekimbilia Salala kwenye manyunyu. Sisi hatukwenda. Baba Ayman kasema haondoki mpaka khabari ya mwanawe ijulikane, na mie siwezi kukaa Salala nikala mahindi ya kuchoma wakati moyo wangu uko Amerika.

Barua hii anakuletea Sami, mtoto wa jirani yangu, anakuja huko kumuona bibi yake. Nimempa na halwa ya zafarani. Usiigawe kwa mtaa mzima, si ya dukani hii, nimeisimamia mwenyewe ikipikwa mpaka mikono ikaniuma. Na hiyo abaya ni ya mwanao. Ndio mtindo wa sasa, wanavaa wanaofanya kazi chuo kikuu Al Khoudh kama Shurooq wangu, na hata huko chuoni walimuuliza Shurooq yake kaishonesha wapi.

Najua utasema, kwa nini barua na simu iko mkononi? Simu yako, mdogo wangu, wanaishika watoto, na sauti zetu kwenye kundi la ukoo wanazisikiliza mpaka watu wa Dubai. Na hili uliloniambia juzi si la kila sikio. Umeniambia ushazungumza na shekhe, yuko tayari kumsomea Halbadiri yule kijana anayemzuilia Ayman nafasi yake, na kilichobaki ni mimi kukupa jina la kijana na jina la mama yake. Nimelala nalo na nimeamka nalo. Jawabu ntakupa, lakini kwanza ujue mambo yalivyo, maana mengine nlikuwa sikwambii.

Ayman alivyokuwa sasa, ukimuona utamwogopa. Ami yake Hisham alimchukua Amerika bado mtoto wa skuli, kanguo kakimpwaya, na Idi ya mwaka juzi alipokuja kututembelea ilimbidi ainame mlangoni. Shingo yake ni kama paja langu, na paja langu walijua. Chuo kamaliza na shahada kaichukua, si mpira tu, hilo uwaambie. Na huo mpira wao wa kubeba mkononi yeye ni lainibeka. Wale wanene wanasimama mbele wanasukumana, Ayman anasimama nyuma yao katikati, na mwenye mpira akipenya ndiye wa kumbwaga chini. Mtoto nliyekuwa nikimgombeza asimsukume dada yake, leo kusukuma watu ndiyo kazi yake.

Mwezi wa nne timu kubwa zote za kule zilikaa kuchagua vijana waliomaliza vyuo. Wanapokezana, hii inachagua mmoja na ile mmoja, wakishamaliza zote wanaanza raundi nyengine, mpaka zitimie raundi saba. Ayman kachaguliwa raundi ya saba. Sasa mie nliposikia ya saba, Zuweina, nkadhani ni kama kombe, wanaofika raundi za mwisho ndio wababe wenyewe. Nkachinja mbuzi. Nkapeleka halwa kila mlango, na wanawake walionijia kunipongeza nkawaambia wako watoto wa watu wameishia raundi ya kwanza, wangu kafika ya saba.

Anas, mume wa Shurooq, yeye kasoma kule na mpira wao anaujua. Alikuwa kakaa na sahani yake ya pilau, akanitazama tu. Wageni walipopungua akanifuata jikoni.

"Mama, raundi ya kwanza ndio wanachukuliwa wale wanaotakwa zaidi."

"Na ya saba?"

"Ya saba wanachukuliwa wa kujaribiwa. Wengi hawafiki mbali."

"Mbuzi tushamla," nkamwambia. "Nyamaza."

Akanyamaza. Mkwe mwema yule, Mungu amuhifadhi.

Basi wakaingizwa kambini, na timu inaingiza watu wengi kuliko itakaowabakisha. Mwisho wa mwezi huu wanapunguzwa. Kwenye hao malainibeka, wakubwa wana nafasi zao, hawaguswi. Imebaki nafasi moja ya chini, na wanaigombania Ayman na kijana mmoja wa Alabama. Huyo wa Alabama hakuchaguliwa na mtu, si raundi ya kwanza wala ya saba. Alikuja kambini kuombaomba ajaribiwe. Hapo ndipo ukasema wewe, na mie nlisema hivyohivyo: vipi asiyechaguliwa amtoe aliyechaguliwa?

Kule mashabiki wa timu hawana kazi nyengine ila kuandikiana mitandaoni nani abaki na nani aachwe. Anas akawa kila baada ya Laasiri anatusomea kwa Kiswahili, na marafiki wa Baba Ayman, wazee wamestaafu polisi na bandarini, wakawa wanakuja kunywa kahawa na kusikiliza. Watu hawajapata kuuona mpira huo maisha yao, ndani ya wiki moja wakawa na pande.

"Huyu anasema Ayman mwepesi," Anas akasoma. "Akisukumwa anarudi nyuma."

"Mwepesi nani?" akasema mmoja wao. "Idi ile kakalia kiti changu, mpaka leo nakiegemeza ukutani."

"Huyu mwengine anasema ana mbio, abakishwe kwa zile mbio."

"Mbio za nini? Lainibeka si farasi."

"Weye jana hilo neno ulikuwa hulijui."

"Leo nshalijua. Soma, mwanangu, usimsikilize huyu."

Kulikuwa na shabiki mmoja nkampenda sana. Kila siku akimtetea Ayman, akisema timu isitupe mtu iliyemchagua yenyewe. Nkamwambia Anas amuandikie kwamba mama yake Ayman anamsalimu. Hakutaka, kasema wale si watu wa salamu. Nkamwambia Shurooq, akamuandikia kwa siri. Yule mtu akajibu kwa moyo mwekundu. Nkauonesha mtaa mzima.

Lakini tangu wiki iliyopita mambo yamebadilika. Anas anakaa na simu anavuta juu, anavuta chini, kahawa inapoa. Wazee wanamngojea. Analitafuta jina la Ayman, halipo. Hawamsemi kwa ubaya wala kwa wema. Wanabishana juu ya watu wengine. Hata yule wangu wa moyo mwekundu sasa anamsifu wa Alabama. Wazee wamepunguka kuja, na wanaokuja wanazungumza bei ya samaki.

Mechi zao za majaribio huchezwa sisi tumelala, kwa hivyo Anas hutuwekea marudio jioni. Ile ya mwisho Baba Ayman aliitazama, akasema irudishwe, ikarudishwa, akasema tena. Mwenye mpira anatoka, Ayman anasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Akianza kwenda, wa Alabama keshafika na mtu yuko chini. Mara nyengine ni hivyohivyo. Baba Ayman akavua kofia akaiweka pajani.

"Yule anafika kabla," akasema.

Nkamwambia labda Ayman hakulala vizuri. Akaniitikia, unajua anavyoniitikia akinihurumia.

Sasa nakuja kwenye lile lako. Uliponiomba majina, mie nliyataka kweli, sikufichi. Nkampigia Ayman, nkamzungusha kwa maneno mpaka nkamuuliza, huyo mwenzio wa Alabama jina lake nani kamili, na mama yake anaitwaje? Ayman akafurahi. Kadhani nataka kumuombea dua yule mama. Akanipa majina yote mawili, akanirudilia na jinsi ya kuyatamka, nisikosee.

Akanambia yule mama ni mpishi kwenye skuli ya watoto. Kila akija kumuona mwanawe humletea na Ayman kuku wake mbali, kwenye chombo chake mbali, kwa kuwa aliambiwa sisi hatuli nguruwe na akaogopa kuchanganya mwiko. Na akimuona tu Ayman humuuliza kwanza, mama yako hajambo? Mie, Zuweina. Mwanamke wa Alabama ananiulizia khabari, na mie nimelishika jina lake nikuletee ulipeleke kwa shekhe.

Nkamwambia Ayman aniambie kweli, huyo mtoto kakudhulumu nini? Kasema maneno kwa mwalimu? Kakuonea?

"Hajanidhulumu, mama. Ananishinda."

Kasema hivyo kwa utaratibu, kama anayenieleza njia ya kwenda dukani. Akaniambia zamani mwalimu akimgombeza kutwa, akimpigia kelele mbele za watu, na alikuwa akichukia. Siku hizi mwalimu anapita, anampiga bega, anamwambia vyema, vyema, anakwenda kumgombeza wa Alabama. Hapo ndipo alipojua. Na akanambia nisikae nikangojea simu, nguo zake hata hajazitoa sandukuni. Nkamwambia azitoe, zitajikunja.

Kwa hivyo jawabu yangu ni hapana. Majina nnayo na sikupi. Halbadiri, mdogo wangu, anasomesha aliyeibiwa. Anasomesha aliyedhulumiwa, akae mbele ya shekhe aseme changu kimechukuliwa bila ya haki. Mie nikae niseme nini? Niseme mtoto wa watu kaondoka kwao hana aliyemchagua, kakimbia jua zima, kafika kabla ya wangu, basi Mungu amvunje? Tangu wadogo tunaambiwa ikisomwa pasi na haki humrudia mwenye kuisomesha. Mwenyewe ningekuwa mimi, na cha kunirudia kwangu kipo kimoja tu, kiko kule kambini. Lakini usidhani ni woga peke yake. Hata ningehakikishiwa kwamba hainirudii, nisingeweza kumsomea mtoto wa yule mama, na wangu anakula kuku wake.

Naona unavyokunja uso ukiisoma hii. Utasema dada kakata tamaa. Ndio, nimekata. Ayman wataachana naye, nnakwambia wewe peke yako. Anas anasema kipo kikosi cha akiba, na timu nyengine huenda ikamuokota, lakini anayasema hayo akitazama zulia. Wanawake wa hapa bado wananiuliza lini tutamuona kwenye televisheni, na mie nawajibu inshallah karibuni, nabadilisha mazungumzo. Akirudi ntampokea kama mtoto aliyerudi na kombe. Sijui yeye atakubali kupokewa.

Nakuomba basi, Sami akishakupa barua hii usikae kunywa chai. Vaa buibui lako uende kwa shekhe. Kama hajaanza, mshukuru urudi. Kama kashaanza kusoma kwa nia tu bila ya majina, mwambie asimamishe, mwenye mali kasema hakuibiwa kitu. Akitaka kusoma asome Yasini, watoto wote wawili watoke kambini na magoti yao mazima.

Nisalimie shemegi, nisalimie wanao wote mmoja mmoja, na bi mkubwa wa nyumba ya pili aliyemuogesha Ayman alipozaliwa, mwambie nimemuwekea manukato, hayakupata nafasi kwenye mzigo wa Sami. Shurooq na Anas wanakuamkia. Baba Ayman anakusalimu naye, yuko nje anamwagilia mtende, kutwa siku hizi anaumwagilia.

Na wakikuuliza watu wa Wete khabari za Ayman, usiwaeleze marefu. Waambie alichaguliwa. Nchi nzima ile, vijana wote wale, jina lake lilitajwa na likaandikwa. Hilo hakuna atakayelifuta, na uliseme kwa sauti.

Mungu akupe afya, akuhifadhie wanao, na asikuoneshe siku ya kumsikia mwanao akikwambia usingojee simu.

Dada yako anayekupenda na kukukumbuka kila akitia pilau motoni,

Thuwaiba
(Mama Ayman)