Moïse ni wa nani?

Bunia, dimanche, siku ya Mungu

Na ni bwana yangu mwenyewe alisema hajafikaka ku ziwa hata siku moja! Ndiyo maana nilipanda naye pikipiki, tukatembee Kasenyi na Tchomia kule ku ziwa, siye wawili tu.

Kasenyi ilikuwa kimya, maji imetulia. Mama mwenye kuuzisha samaki akamuita bwana yangu: «Papa Moïse, karibu!» Siye tuko na binti yetu Grâce tu, hatuna mutoto mwengine. Akasema ule mama amekosea mutu.

Tchomia, muzee mwenye kushona nyavu: «Papa Moïse, mutoto iko aje?» Bwana yangu akacheka tu.

Watu wawili hawawezi kukosea jina moja.

Kufika nyumbani, akinawa mikono, nikamuita polepole toka nyuma: «Papa Moïse.»

Akaitika.